Sekunde 10 za kupumua: nani anashika saa?

Ukurasa huu umezoea mupira wa miguu. Tunasema juu ya Mazembe na Lupopo, tunasema juu ya Léopards, na kila mutu ana neno lake. Leo tunaenda mbali kidogo, kule Marekani, ku mupira mwingine kabisa, ule wanaucheza na mikono, wakivaa kaske kichwani sawa vile mutu wa shimo.

Mwaka wa 2014 makocha wa vyuo vikuu vya kule walibishana majuma matatu mazima juu ya sekunde 10. Mutu akisikia vile atacheka: sekunde 10 ni kitu gani? Lakini tunaona mabishano yale yanafaa kusomwa hapa kwetu, sababu chini ya maneno ya mupira kulikuwa ulizo moja lile kila mufanyakazi wa mine anajua: nani anapanga mwendo wa kazi, na nani anasikia uchungu wake mu mwili?

Tena mupira huu hauko mugeni kabisa kwa mutoto wa Kongo. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974, akakomalia Kanada, kisha akaenda kucheza ku Iniversite ya Michigan. Tarehe 25 Novemba 1995, mbele ya Ohio State, alikimbia na mupira yadi 313, karibu meta 286, katika mechi moja tu. Michigan ilishinda 31 kwa 23. Basi tunaposema juu ya wale wachezaji, hatusemi juu ya watu wa mwezini.

Tueleze kwanza muchezo wenyewe, kwa ufupi. Kila ekipe inaweka watu 11 mu uwanja. Ekipe yenye kushika mupira inapewa mara nne za kujaribu kusonga mbele yadi 10, ndiyo kusema meta 9 hivi. Ikifaulu, inapewa mara nne zingine. Ikishindwa, mupira unaenda kwa wenzao. Kila mara wanapojaribu, watu wanagongana, mwenye mupira anaangushwa, muchezo unasimama. Kisha mupira unawekwa chini, na wanaanza tena. Katika mechi moja, ekipe inaweza kuanza vile mara 70, na zile za mbio zinapita 80.

Hapa njo kuko tofauti kubwa na mupira wetu. Kwetu, kubadilisha wachezaji kuna hesabu: zamani watatu, na tangu 2020 watano, sababu viongozi wa mupira wa dunia waliona kama wachezaji wanachoka na mechi nyingi. Kule Marekani hakuna hesabu. Kila muchezo ukisimama, kocha anaweza kutoa hata watu wote 11 na kuingiza wengine 11. Kuko watu wa kushambulia tu, kuko watu wa kulinda tu, kuko hata mutu mwenye kazi yake ni kupiga mupira na muguu mara tatu ao ine, kisha anarudia ku benchi.

Haikuwa vile siku zote. Zamani mutu alicheza mbele na nyuma, kushambulia na kulinda, mpaka anachoka. Mwaka wa 1941 sheria ilifungua mulango wa kubadilisha watu. Mwaka wa 1945, kocha Fritz Crisler wa Michigan alikuwa na vijana wadogo, na alikuwa anaenda kukutana na ekipe ya jeshi, Army, yenye nguvu sana. Akagawanya watu wake makundi mawili: hawa kushambulia, hawa kulinda. Alipoteza mechi, 28 kwa 7, lakini makocha wengine waliona ile akili na wakaifuata. Mwaka wa 1953 wakubwa wa muchezo walifunga mulango tena, na sababu moja kubwa ilikuwa garama: makundi mawili yanataka watu wengi, na watu wengi wanataka pesa nyingi. Kisha katika 1964 na 1965 wakaufungua tena, na mpaka leo uko wazi.

Angalieni vizuri historia ile. Mulango wa kupumzika ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Mara moja juu ya akili ya kushinda, mara ingine juu ya garama. Yule mwenye kukimbia na kuanguka hakuulizwa sana.

Sasa tufike ku mbio. Mwaka wa 2008 sheria ya saa ilibadilishwa. Mbele ya pale, arbitri njo alitoa ishara kwanza, kisha sekunde 25 zikaanza kuhesabiwa. Tangu 2008, mara muchezo unasimama, saa ya sekunde 40 inaanza yenyewe. Ekipe yenye mupira inaweza kutumia zote 40. Ao inaweza kuanza mbio mbio, mara mupira unawekwa chini na maarbitri wako tayari. Ndiyo kusema ufunguo wa mwendo ulitoka mu mukono wa arbitri, ukaingia mu mukono wa kocha wa kushambulia.

Makocha wengine waliona pale mali. Chip Kelly, aliyeongoza Oregon kuanzia 2009 mpaka 2012, alifundisha vijana wake kutokusanyika tena katikati ya uwanja kupanga shauri. Walitazama tu pembeni, fasi watu walikuwa wanaonyesha vibao vikubwa vya picha na ishara za mikono, na pale pale wanaanza. Gus Malzahn, aliyetoka kufundisha ku shule za sekondari za Arkansas, alifanya vile ku Auburn. Katika Januari 2011 ekipe hizo mbili za mbio njo zilikutana ku finali ya nchi nzima, Auburn ikashinda 22 kwa 19.

Siri ya mbio zile iko ndani ya sheria ya kubadilisha watu. Sheria inasema: kama wenye mupira wamebadilisha mutu, arbitri anasimama juu ya mupira mpaka walinzi nao wapate nafasi ya kubadilisha. Lakini kama wenye mupira hawakubadilisha mutu, walinzi hawana haki ya kungojewa. Basi kocha wa mbio anaacha watu wake wale wale 11, anaanza tena, na tena, na tena. Mulinzi mwenye kilo 130 ao 140, mwenye kugongana mara kumi bila kupumua, anatazama benchi lakini hawezi kutoka. Akitoka pole pole na muchezo ukaanza, ekipe yake inahesabiwa na watu 12, na azabu ni yadi 5. Anabakia. Anashika kiuno. Anangojea kugongwa tena.

Maekipe makubwa yenye watu wazito yalianza kulalamika. Alabama ya kocha Nick Saban ilikuwa inashinda karibu wote, lakini Novemba 2012 Texas A&M, ekipe ya mbio, iliipiga 29 kwa 24 nyumbani kwake. Novemba 2013 Auburn ya Malzahn ikaipiga 34 kwa 28. Saban, aliyekuwa analipwa karibu milioni 7 za dolari kwa mwaka, na Bret Bielema wa Arkansas walienda kusema mbele ya komite ya sheria. Tarehe 12 Februari 2014 komite ikatoa pendekezo: katika sekunde 10 za kwanza za ile saa ya 40, mupira usianzishwe, ili walinzi wapate kubadilisha watu. Dakika mbili za mwisho za kila nusu tu njo sheria haitafanya kazi. Mwenye kuvunja atapata azabu ya yadi 5.

Komite ilisema sababu ni usalama wa wachezaji. Na tuseme kweli, neno lile lina uzito. Mutu mwenye kuchoka anaweka kichwa vibaya, anafika nyuma kwa wenzake, anaumia ao anaumiza mwengine. Mutu wa mine hana haja ya profesa kumwelezea vile. Saa za mwisho za posti ya usiku zinamufundisha.

Lakini kulikuwa kitu kingine. Mwaka wa 2014 haukuwa mwaka wa kubadilisha sheria. Mwaka kama ule, mabadiliko yanakubaliwa tu kama yanagusa usalama. Basi neno "usalama" lilikuwa pia ufunguo wa mulango uliofungwa. Makocha wa mbio waliona vile, wakasimama. Rich Rodriguez wa Arizona, Mike Leach wa Washington State, Malzahn mwenyewe, wote waliuliza ulizo moja: ushuhuda uko wapi? Tuonyesheni hesabu ya walioumia ku maekipe ya mbio na ku maekipe ya pole pole. Hesabu ile haikuletwa. Tena komite yenyewe ilikubali kama hata maekipe ya mbio ni mara chache yanaanza muchezo mbele ya sekunde 10 kupita.

Katika siku zile zile, kijana mumoja wa Iniversite ya California alikufa. Bielema alitaja kifo kile kuwa ushuhuda, na watu wengi walikasirika. Sababu kijana yule hakufa mu mechi. Alikufa mu mazoezi, akikimbia, fasi ile saa ya sekunde 40 haifiki. Sheria ya sekunde 10 haingemusaidia hata kidogo.

Tarehe 5 Machi 2014 komite iliweka pendekezo pembeni. Makocha wa mbio walifurahi, makocha wa pole pole walinyamaza, na gazeti za michezo zikasema mambo yamekwisha.

Sisi tunasema hayakukwisha, na tunaeleza juu ya nini.

Kwanza, wote wawili walisema kwa jina la wachezaji, na wote wawili walikuwa wanatafuta kushinda. Mwenye watu wazito alisema: nawahurumia, wapumue. Mwenye watu wepesi alisema: nawahurumia, waacheni wacheze. Kama sheria ingemusaidia Saban kupoteza mechi, angeenda mbele ya komite? Na kama mbio zingemusaidia Malzahn kupoteza, angezitetea? Hatuwaiti watu wabaya. Ni makocha, kazi yao ni kushinda. Lakini mutu mwenye kutafuta kushinda hawezi kuwa yeye peke yake daktari, hakimu na mushitakiwa.

Pili, wale wenye mwili walikuwa wapi? Wazee wetu wanasema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Katika majuma yale matatu tulisoma maneno ya makocha, tukasoma maneno ya wakubwa wa komite. Muchezaji wa kulinda, yule mwenye kushika kiuno na kutazama benchi, hakuitwa mbele ya meza yenye uamuzi. Wakati ule hakuwa hata na mushahara. Walimuita mwanafunzi anayecheza, walimulipia masomo na chakula, basi.

Na hapa njo kuko jambo lile tunaomba wasomaji wetu wa sendika washike vizuri. Tarehe 28 Januari 2014, majuma mawili tu mbele ya pendekezo la sekunde 10, wachezaji wa Iniversite ya Northwestern, karibu na Chicago, wakiongozwa na Kain Colter, walipeleka karatasi zao ku ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Waliomba kuunda sendika. Hawakuanza na mushahara. Walitaka wachezaji watunzwe na daktari hata nyuma ya kumaliza masomo kama waliumia mu muchezo, na walitaka vichwa vyao vilindwe. Tarehe 26 Machi ofisi ya Chicago iliwajibu: ndiyo, ninyi ni wafanyakazi. Mwezi wa Aprili wakapiga kura. Lakini chuo kikuu kilikata rufani ku baraza la juu, masanduku ya kura yakafungwa, na tarehe 17 Agosti 2015 baraza lile likasema haliingii mu jambo hili. Kura zile hazikuhesabiwa hata siku moja.

Weka mambo hayo mawili pamoja. Katika muda ule ule, makocha wanabishana kwa sauti kubwa juu ya usalama wa wachezaji, na wachezaji wenyewe wanaomba kiti ku meza ya usalama, sanduku lao la kura linafungwa. Kwetu sisi, ile njo habari kubwa ya mwaka ule, kupita sekunde 10.

Tatu, sheria nzuri ya kulinda mwili inawezekana, na kule kule Marekani kuko mufano. Mwaka wa 2006 kijana wa mwaka wa kwanza wa Iniversite ya Rice, Texas, alifariki nyuma ya kukimbia mara 16 yadi mia moja mu mazoezi. Alikuwa na damu ile tunaita hapa AS. Sisi watu wa Kongo tunajua jambo hili kupita Wamarekani wengi, sababu SS iko mu nyumba nyingi za kwetu. Mwenye AS anaishi muzima, hata hajui kama anayo, lakini mwili wake ukisukumwa mbio bila pumziko, anaweza kuanguka. Jamaa ya kijana ilishitaki. Kisha, kuanzia 2010, vyuo vikuu vikubwa vililazimishwa kupima damu ya wachezaji wao, na mwenye kukataa kupimwa alazimike kutia sahihi. Angalieni tofauti. Ile sheria haikuletwa na kocha aliyepoteza mechi. Ililetwa na jamaa iliyopoteza mutoto, na ushuhuda wa daktari mu mukono.

Nyuma ya 2014 mambo yaliendelea kutembea. Walinzi wenye kuchoka walijifunza ujanja: mumoja anaanguka, anashika muguu, muchezo unasimama, wenzake wanapumua, kisha nyuma ya dakika moja yule mugonjwa anarudia anakimbia. Kuanzia 2025 sheria inasema muchezaji akianguka vile wakati mupira umekwisha kuwekwa chini, ekipe yake inapoteza moja ya mapumziko yake. Katika Oktoba 2024 Oregon, mbele ya Ohio State, iliweka watu 12 mu ulinzi sekunde za mwisho. Ililipa yadi 5, lakini sekunde 4 zilikwisha kupotea, na ikashinda 32 kwa 31. Katika siku chache tu wakubwa walirekebisha ile sheria. Na mwaka wa 2023 walibadilisha saa ili isisimame tena kila mara kama zamani, michezo ipungue kidogo mu mechi, na usalama ulitajwa kati ya sababu.

Tunaona nini pale? Pale ushindi ao saa ya televizyo inaguswa, sheria inarekebishwa kwa siku chache. Pale mwili unaguswa, inangojewa miaka. Na fasi haki ya kupumua haiko, watu wanaiba pumzi kwa kujianguusha. Yule anayejianguusha anadanganya, ni kweli. Lakini anadanganya sababu hakupewa mulango wa kutokea na heshima. Mufanyakazi anayejifanya mugonjwa ili apate siku moja ya kulala, sisi wote tumesikia habari yake. Azabu peke yake haimalizi ugonjwa ule.

Mambo ya pesa nayo yalibadilika. Mwezi wa Juni 2025 tribinali ilikubali mapatano yale yanaruhusu vyuo vikuu kulipa wachezaji wao wenyewe, mpaka milioni 20 na nusu za dolari kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ni hatua, tunaisifu. Lakini mushahara na mwendo wa kazi ni vitu viwili. Mutu anaweza kulipwa vizuri na kuvunjwa vizuri.

Sasa turudie kwetu, bila maneno marefu. Mu mine hakuna kocha, lakini kuko mwendo. Kuko hesabu ya toni kwa posti, kuko mashine isiyochoka, kuko mukubwa wa kazi mwenye naye anasukumwa kutoka juu. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka wa 2002, inaweka saa 45 kwa juma, na inatambua wajumbe wa sendika waliochaguliwa na komite ya usalama na usafi ku kazi. Kwa maandishi, basi, tuko na kile kiti wachezaji wa Northwestern walinyimwa. Ulizo ni hili: kiti kile kinakaliwa?

Tunaomba mambo matatu. Mukubwa akileta neno "usalama", aulizwe hesabu: wangapi waliumia, saa gani za posti, fasi gani. Mufanyakazi naye akileta neno "usalama", aulizwe vile vile, sababu neno hili likitumiwa ovyo litapoteza nguvu yake siku ya haja. Wajumbe wa sendika waandike kila ajali na kila karibu-ajali mu kitabu, na tarehe na saa, sababu makocha wa mbio walishinda mwaka ule kwa ulizo moja tu, "ushuhuda uko wapi?", na siku moja ulizo lile litaletwa mbele yetu. Na wafanyakazi wenyewe, siku ya kuchagua wajumbe, wasiache sanduku litembee bila wao. Kule watu walipiga kura na kura zao hazikufunguliwa. Hapa kura inafunguliwa, lakini wengine hawaendi kuipiga.

Na mama wa nyumba, wenye kuona mutu akirudia na kulala bila kula, nao ni mashahidi. Waulize bwana zao saa gani walipumua, na majibu yafike kwa mujumbe.